Ubongo wa kijana na baipola
Kijana mwenye baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, wiki hii halali usiku wala hachoki, anapanga kununua malori mpakani Tunduma. Baadaye hataki hata kuoga. Wengine hufikia kujidhuru. Msikimbilie kusema karogwa, au eti anajidekeza! Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayozuia papara, nayo hukomaa karibu na miaka 25. Picha za ubongo zimeonyesha tofauti katika sehemu hiyo kwa baadhi ya vijana wenye baipola waliowahi kujaribu kujiua, ingawa picha haitabiri nani atajaribu. Tiba ipo: lithiamu, chini ya daktari, hupunguza hatari ya kujiua. Mzazi, ukiona dalili hizi, muulize mwanao waziwazi kama anawaza kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hospitali leo.