Gari la Kale Lisiishie Juu ya Mawe



Leo tunazungumzia gharama ya kukarabati sasponsheni ya mbele ya gari la kale, na sababu za makadirio ya mwanzo kutotimia. Tuchukue mfano wa Peugeot 504, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Wengi wenu mlisafiri ndani yake lilipokuwa teksi ya safari ndefu, na baadhi yenu mmelirithi kwa wazazi.

Katika gari hilo, kila gurudumu la mbele hubebwa na bomba refu la chuma. Ndani ya bomba mna shoki, na nje yake imezungushwa springi. Juu, bomba hufungwa kwenye bodi kwa mpira na beringi. Chini, huungwa na mkono wa chuma kwa boljointi, nao mkono huo hushikwa na bushi za mpira. Hakuna lililo la ajabu hapo. Ugumu hutokana na umri.

Mpira huzeeka hata gari likilala bandani. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba gari limetembea kidogo, hajakuambia lolote kuhusu bushi zake. Bolti iliyokaa miaka arobaini hushikana kwa kutu na bushi hata ikabidi ikatwe. Tena, pale bomba linapofungwa juu, nyuma ya matope yaliyorushwa na gurudumu, huenda bati la bodi limeliwa na kutu. Hapo kazi ya kubadilisha spea hugeuka kuwa kazi ya kuchomelea, na hakuna fundi, hata awe mwaminifu vipi, awezaye kuyaona yote hayo kabla ya kufungua.

Ugomvi mwingi huanzia hapo. Mteja hushikilia bei aliyotajiwa, fundi hudai malipo ya kazi iliyozuka, na gari hubaki juu ya mawe.

Dawa yake ni kugawa mapatano mara mbili. Kwanza patana bei ya kufungua, kuosha na kukagua peke yake. Kisha fundi akuandikie makadirio kamili, akitenga bei ya spea, malipo ya ufundi, uchomeleaji na alaimenti ya magurudumu. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari, na suala la makadirio limo ndani yake. Mwambie fundi kwamba likizuka jambo jipya, asiendelee kabla ya kupata idhini yako. Mwombe pia akurudishie spea zote zilizotolewa, ili uone ulichokilipia.

Bushi, boljointi na mpira wa juu zitafute kabla gari halijavuliwa, kwa kuwa hizo aghalabu hubadilishwa tu. Dukani, jina la gari pekee halitoshi: taja mwaka, aina ya bodi na nambari ya chesisi. Kagua mpira kwa macho na kwa kidole, maana spea iliyokaa rafuni miaka mingi huweza kuitwa mpya ilhali imeshapasuka. Shoki ya mtumba yenye fito iliyokwaruzika itavujisha mafuta, na bomba lililopinda halifai hata likitolewa bure.

Yapo mambo ambayo hayana nafuu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Ibanwe kwa kifaa chake maalumu, kamwe isifungwe kwa waya wala mnyororo. Gereji isiyo na kifaa hicho iache. Springi na shoki zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia, la sivyo gari litainama au kuvuta upande mmoja. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hujipinda siku zote na kukatika mapema. Boljointi ikichomoka barabarani, gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena. Baada ya yote, fanya alaimenti, kisha rudi baada ya kilomita mia chache nati zikaguliwe upya.

Mwisho, kabla hujampa fundi ufunguo, jiwekee kikomo cha fedha. Makadirio ya pili yakikipita, ama uahirishe kazi mpaka uwe tayari, ama uliuze gari likiwa zima kwa mtu atakayeliweza. Hilo halimvunjii heshima mzee aliyekuachia. Gari lililofunguliwa nusu hupoteza nati leo na taa kesho, na mwishowe huuzwa kwa kilo.