Kuunda Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Chache

Kijana anayetaka kuunda kompyuta ya michezo kwa fedha chache, awe Muscat, London au Minneapolis, mara nyingi huanzia pale ambapo angepaswa kumalizia: kasha lenye kioo ubavuni na taa za rangi. Taa hizo hazimwongezei hata picha moja kwa sekunde.

Kazi nzito katika michezo ya leo hufanywa na kadi ya michoro, kifaa kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Mwenye dola 600 hatakosea akiitengea thuluthi ya fedha zake, au hata zaidi. Prosesa ya daraja la kati yamtosha. Mfano ni Ryzen 5 5600, iliyotolewa na AMD mwaka 2022. Ina viini sita, na hukaa katika madabodi za soketi ya AM4 zilizoenea tangu mwaka 2017, ambazo zilizokwisha kutumika huuzwa kwa bei nafuu. Sharti lake ni kwamba programu ya kuwashia mashine, yaani BIOS, iwe imesasishwa; la sivyo prosesa hiyo haitatambuliwa. Kumbukumbu za DDR4 na DDR5 nazo haziingiliani, na mnunuzi mwenye haraka hugundua hayo vifaa vikiwa tayari mezani.

Kati ya mwaka 2020 na 2022 kadi za michoro ziliadimika, kwani janga la korona lilivuruga biashara na wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizigombania. Mnamo Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha uchimbaji wa namna hiyo, na kadi nyingi zikaishia katika soko la mitumba. Baadhi ni nzima kabisa, nyingine feni zake zimechoka. Kadi ya aina hiyo inunuliwe baada ya kuonekana ikiendesha mchezo kwa dakika ishirini hivi, si kwa kutazama picha iliyotumwa kwa simu.

Kifaa kisichostahili ubahili ni pawa saplai. Ikiwa duni, siku ya kufa kwake yaweza kuondoka na wenzake wote. Hapo ndipo wanaotuma mashine nyumbani wanapopaswa kuwa macho. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanzania 230, na wa Kenya 240. Pawa saplai nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240, na lebo yake husema hivyo. Lakini za zamani na za bei ya chini zina swichi ndogo nyuma, aghalabu nyekundu, yenye alama za 115 na 230. Kompyuta iliyoundwa Minneapolis ikifika Dar es Salaam swichi ikiwa kwenye 115, ndugu aliyelisubiri sanduku hilo kwa wiki kadhaa ataichomeka ukutani, atasikia mlio mmoja, kisha harufu ya kuungua. Swichi hiyo hugeuzwa kwa ncha ya bisibisi, kabla sanduku halijafungwa.