Bujumbura ukiitazama kutoka Kiriri

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Nawasalimu ninyi wa Kinama, Musasa, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda. Nawasalimu pia ninyi wageni mliovuka mto Rusizi mwanzoni mwa 2025, mkafikia Rugombo, na baadaye wengi wenu mkapelekwa Musenyi.

Leo tunazungumzia mji wa Bujumbura. Karibu kila wiki kuna mtu anayeshuka huko. Mmoja anapeleka mtoto hospitali, mwingine anafuata karatasi, mwingine amesikia kuna kazi. Na wako wanaofika kituo cha basi jioni bila kujua hata jina la mtaa wanaoenda. Kwa hiyo leo nitawapeleka mahali pamoja tu, mlimani Kiriri, kwa sababu kutoka pale mji wote unauona chini yako, na ukishauona hivyo si rahisi kupotea.

Tuanze na safari. Wengi wetu tunapita Bugarama, juu kabisa, kwenye ukungu na baridi, pale wanapouza kabichi na karoti kando ya barabara. Ukitoka Ngozi utapita hapo, ukitoka Ruyigi kupitia Gitega utapita hapo pia. Kutoka Bugarama barabara inateremka kwa kona nyingi. Utaona vijana wa baiskeli wamejishika nyuma ya malori. Wewe usithubutu, vijana wengi wamefia kwenye kona hizo. Kila unaposhuka joto linapanda, na koti ulilovaa asubuhi utalibeba mkononi.

Sasa tuko Kiriri. Simama, mgongo wako uelekee milimani, uso uelekee ziwa. Mbele yako ni Tanganyika. Ng'ambo ya maji, ile milima ya buluu ni kwetu, ni milima ya juu ya Uvira. Najua wengine wakiiona wanalia. Lia kidogo, halafu tuendelee, maana kuna mambo ya kujua.

Chini ya miguu yako ni Rohero, katikati ya mji: benki, wizara, maduka makubwa. Mbele yake, kando ya maji, ni bandari, ambako meli za mizigo zinatoka Kigoma nchini Tanzania na Mpulungu nchini Zambia. Mkono wako wa kulia, yaani kaskazini, ni Nyakabiga, Bwiza na Buyenzi. Ukivuka mto Ntahangwa unakuta Ngagara, Cibitoke, Kamenge na Kinama, na Buterere upande wa uwanja wa ndege. Mkono wa kushoto, kusini, ng'ambo ya mto Muha, ni Musaga, Kanyosha, Kinindo na Kibenga. Ukishika hivyo tu, milima nyuma, ziwa mbele, Kamenge kulia, Kanyosha kushoto, huwezi kupotea kabisa.

Mji huu zamani uliitwa Usumbura. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwishoni mwa karne ya 19, Wabelgiji wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, na uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962 ukawa Bujumbura. Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, aliyeongoza harakati za uhuru, hakuiona siku hiyo. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961 katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Kaburi lake liko Vugizo, kwenye vilima hivi hivi vya juu ya mji. Tangu 2019 makao makuu ya kisiasa ni Gitega, lakini biashara kubwa bado iko Bujumbura.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa, Kiriri yenyewe ni mahali gani? Ni mtaa wa watu wenye uwezo. Nyumba kubwa, kuta ndefu, maua, na kila lango lina zamu wake. Upepo wa mlima unapita vizuri, mbu ni wachache kuliko kule chini. Kuna jumba la rais pia, kwa hiyo utakutana na askari. Usipige picha, usizungukezunguke usiku, na ukiulizwa unakwenda wapi, jibu kwa heshima na utoe karatasi yako.

Vijana, Kiriri ina jambo linalotuhusu sana. Kampasi moja ya Chuo Kikuu cha Burundi iko pale, katika majengo yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya shule ya Wajezuiti, Collège du Saint-Esprit. Mimi nimemaliza sekondari kambini kama wengi wenu. Nilipopita mbele ya lango lile niliona wanafunzi wanatoka na daftari mkononi, wengine wanaongea Kiswahili kama chetu. Mkimbizi anaweza kusoma chuo. UNHCR ina ufadhili unaoitwa DAFI, ulioanza mwaka 1992, kwa wakimbizi wanaosoma chuo kikuu. Nafasi ni chache na ushindani ni mkubwa. Kama una diploma ya sekondari, ya Kongo au ya Burundi, itunze isilowe mvua, na uliza ofisi ya elimu ya kambi nafasi zikitangazwa. Usisubiri kuambiwa na jirani.

Dada zangu, na ninyi mama zao, hapa nisikilizeni vizuri. Kazi nyingi za Kiriri ambazo mtu wa kambi anaahidiwa ni za ndani: kupika, kufua, kulea watoto. Kazi hiyo ni halali na haina aibu. Lakini mtu akija kambini na kusema, "Nina nafasi kwa tajiri Kiriri, twende leo leo," muulize maswali manne. Nyumba ni ya nani? Mshahara ni franka ngapi kwa mwezi? Nitalala wapi? Namba ya simu ya mwenye nyumba ni ipi? Kama hawezi kujibu, hiyo si kazi. Akikuambia utapita Bujumbura halafu utapelekwa nchi za Ghuba, rudi nyuma hata kama mzigo umeshafungwa, na umwambie mfanyakazi wa ulinzi. Na kadi yako ya ukimbizi usimwachie mtu yeyote akutunzie.

Tushuke mlima sasa. Wengi wetu tukifika mjini hatulali Kiriri, tunalala Buyenzi, Bwiza, Kinama au Buterere. Buyenzi ndiyo nyumbani kwa Kiswahili. Tangu wakati wa Wabelgiji unajulikana kama mtaa wa Waswahili: misikiti, mafundi wa magari, chapati na chai ya asubuhi, na soko la Ruvumera. Ukipotea, fika Buyenzi, uliza kwa Kiswahili, utaelekezwa. Lakini mjini kote Kirundi ndiyo lugha ya watu, na ofisini kuna Kifaransa. Jifunze angalau salamu. Asubuhi sema "mwaramutse", jioni "mwiriwe", na ukisaidiwa sema "murakoze". Neno moja la Kirundi hufungua uso wa mtu.

Kuhusu soko: mtu akikuambia mkutane soko kuu la katikati ya mji, ujue habari zake ni za zamani. Soko lile liliungua tarehe 27 Januari 2013. Siku hizi watu wananunua Kwa Siyoni kule Ngagara, Ruvumera, Kamenge, Kinindo na kwingineko. Kwa usafiri, Machi 2022 pikipiki, baiskeli za abiria na bajaji zilikatazwa katikati ya mji, kwa hiyo jiandae kupanda basi au kutembea. Na petroli ikikosekana foleni ya basi inakuwa ndefu sana. Kama una miadi ya hospitali saa mbili, toka alfajiri.

Angalieni pia majina, yanachanganya watu. Kinama ni kambi iliyoko upande wa Muyinga, na Kinama ni mtaa wa Bujumbura. Cibitoke ni mtaa wa mjini, na Cibitoke ulikuwa mkoa kule mpakani. Mama mmoja mgonjwa anaweza kupelekwa upande mwingine wa nchi kwa neno moja tu. Kisha mwaka 2025 mikoa 18 ilipunguzwa ikawa 5: Bujumbura, Gitega, Burunga, Buhumuza na Butanyerera. Ruyigi, Cankuzo na Muyinga sasa ni Buhumuza. Ngozi ni Butanyerera. Rutana ni Burunga. Ukijaza fomu, uliza waandike jina lipi. Na hospitali ya Kamenge inayoitwa CHUK, watu wengi wanaijua kwa jina la Roi Khaled. Taja majina yote mawili.

Kuhusu maji: mji uko kati ya mlima na ziwa, na mvua ikinyesha maji yote yanateremkia chini. Mto Ntahangwa unakula kingo zake na nyumba zilizo karibu. Aprili 2020 Rusizi ulifurika Gatumba, maelfu wakapoteza nyumba, na mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia hadi kwenye nyumba za Kibenga. Ukipata chumba cha bei rahisi sana, kabla hujatoa pesa waulize majirani maji yalifika wapi mvua iliyopita. Na kandokando ya ziwa jioni usikae: viboko wanatoka kula majani, na kiboko hana mzaha.

La mwisho ndilo kubwa zaidi. Usitoke kambini bila kibali cha ONPRA. Kibali kina tarehe, iheshimu. Ukifika kwa ndugu, mwambie akuandikishe kwenye daftari la nyumba na amjulishe nyumba kumi siku hiyo hiyo. Msako ukipita usiku, mgeni ambaye hayumo kwenye daftari anajiletea matatizo, na mwenyeji wake pia. Na chakula cha msaada hutolewa kambini. Mjini unanunua kila kitu: chumba, maji, mkaa, hata choo cha sokoni. Ndugu yako wa Bwiza atakupokea kwa furaha, lakini naye analipa kodi. Mjue mapema utakaa siku ngapi, na mwambie.

Sisemi msiende Bujumbura. Ni mji mzuri, una mukeke wa ziwani, una watu wakarimu, na kutoka Kiriri unaiona nchi yetu. Ninachosema ni hiki: nenda ukijua mtaa, ukiwa na karatasi, na ukiwa na namba ya mtu anayekungoja.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, maswali ya kujadili wiki hii ni matatu. Moja: nani katika kikundi chenu anaijua Bujumbura, na anaweza kumwelekeza mgeni? Mbili: msichana akiahidiwa kazi mjini, nani kambini anapaswa kujua kabla hajaondoka? Tatu: karatasi zenu za shule ziko wapi leo, na mvua ikinyesha zitabaki kavu?

Mimi ni mtangazaji wenu. Tukutane wiki ijayo. Mbaki na amani.

(Muziki wa kufunga.)