Kujenga Ni Mara Moja, Kufungua Mlango Ni Kila Siku



Tumeombwa tuwaeleze kazi ya mwaka mmoja ya kuliendesha jumba la kijiji chetu, karibu na Makindu. Sisi ni watu wa reli, si watu wa maneno mengi.

Tangu Mzee Kenyatta alipotuita kwa Harambee mwaka 1963, kujenga hakujatushinda. Jumba hili nalo tulilijenga kwa michango. Lakini mwezi wa tatu kina mama wa kisomo walikuja jioni wakakuta mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mmoja wetu, naye yuko zamu Mtito Andei. Walingoja mpaka giza, wakarudi makwao. Juma la pili hawakuja. Tuliona haya.

Ndipo tukakumbuka kazi yetu wenyewe. Mtu wa reli haachi zamu bila kumkabidhi mwenzake. Basi tukanunua daftari: atoaye ufunguo hutia sahihi, aupokeaye hutia sahihi. Hesabu ya pesa za stima imo humo humo. Kisha tukapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kina mama wakarudi, na wawili wao sasa hushika ufunguo.

Ndugu, Masingasinga wa reli walijenga hekalu lao Makindu mwaka 1926, na hata leo msafiri hulishwa pale bure. Kuta peke yake hazilishi mtu. Ni watu wa zamu jikoni.

Kwetu zamu ya Jumamosi bado haina watu. Hatuombi pesa. Tunaomba jioni moja.