Upele hautibiwi kwa mutu mumoja

Mazungumuzo ya musaidizi wa muganga mbele ya wanachama, Kasenyi



Mulinialika niseme juu ya kazi yangu ya kumusaidia muganga siku za magonjwa ya ngozi. Wengine wanafikiri ni kugawa pomadi tu. Hapana. Kugawa pomadi kunachukua dakika mbili. Kazi yenyewe ni kuangalia na kuuliza.

Mugonjwa akiingia, naandika jina na umri wake katika kitabu, nanawa mikono, namuweka penye mwanga. Naangalia katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni penye mukaba, na kwa watoto hata viganja na nyayo. Mwanamuke anaangaliwa nyuma ya pazia, mama mwenzake akiwa karibu. Kisha nauliza: "Muwasho unazidi saa gani?" Akisema usiku, nauliza tena: "Munalala wangapi pamoja?" Hapo wengi wananyamaza, juu swali hilo linagusa heshima.

Lakini sisi wote tunajua jibu. Mwaka 2018 maelfu ya watu wa Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, wakatokea Sebagoro, wakapelekwa kambi ya Kyangwali, Uganda. Wengi wetu tuliporudi tulikuta nyumba haiko tena. Ndugu akapokea ndugu, chumba kimoja kikalaza watu 8 ao 10. Huo ni upendo, si aibu. Na upele nao unapita hapo hapo, juu kadudu kake kanahama ngozi ikigusana na ngozi kwa muda murefu. Hata mutu anayeoga kila siku anaupata.

Sasa musikilize neno hili vizuri. Mutu anayeambukizwa upele mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 mpaka 6 bila kujikuna, na huku anawapa wengine. Ndiyo maana mama anakuja na mutoto mumoja, tunamupa chupa moja, mutoto anapona, kisha anarudi na vidonda vipya. Watu wanasema dawa ni ya uongo. Dawa si ya uongo. Mutoto alirudi kulala pamoja na wadogo zake ambao hawakupakwa.

Kwa hiyo tunafanya hivi: wote wa nyumba wanapakwa usiku mumoja, hata wasiojikuna. Ile dawa ya maji tunayoita benzoati inapakwa toka shingo mpaka nyayo, si penye kuwasha tu, na haioshwi mbele ya saa 24. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Ya watoto inachanganywa kwanza na maji kama muganga alivyosema. Mama mwenye mimba na mutoto muchanga waje waonwe, wasipakwe kwa kubahatisha. Nguo na mablanketi munafua kwa maji ya moto na kuanika kwa jua kali. Yasiyofulika munafunga ndani ya mufuko siku 3 ao 4, kadudu kakikosa mwili kanakufa. Kisha wiki moja, munarudilia kupaka. Na muwasho unaweza kubaki wiki 2 mpaka 4 hata wadudu wamekwisha kufa. Musikate tamaa, na musizidishe dawa.

Kuna jambo linaloniumiza. Mutu akiona haya kuja, anaenda sokoni kununua pomadi ya kortizoni, ile ile wengine wanajipaka wapate weupe. Inapoza muwasho, anafurahi. Lakini chini yake wadudu wanazidi kuzaa na dalili zinajificha. Na vidonda vya kujikuna vikiingiwa na mikrobi, vinaweza kufika mpaka kwa figo. Ndiyo sababu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliuweka upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Si ugonjwa wa muchezo.

Tena, si kila kitu ni upele. Doa lenye kufifia, ukiligusa na pamba mugonjwa hasikii, hilo si la kupaka benzoati. Linaweza kuwa ukoma, na ukoma unapona kwa vidonge vya miezi 6 ao 12, bila kulipa hata franka. Akianza vidonge, haambukizi tena. Basi asitengwe, asipewe sahani yake peke yake. Na mutu mwenye homa pamoja na vipele vya maji ao usaha, aletwe upesi, juu mpox iko katika inchi yetu.

Ombi langu kwa chama ni moja. Leo sanduku letu la kusaidiana linalipa kwa kila mugonjwa anayeleta karatasi. Kwa upele, tulipe kwa nyumba. Mukubwa wa kila kikundi aandike nyumba ina watu wangapi wanaolala, bila kuuliza kwa nini ni wengi, na dawa itoke kwa hesabu hiyo. Najua chupa 8 zinagharimu kuliko moja. Lakini chupa moja inayorudiliwa kila mwezi ni feza tunayotupa ziwani, na mutoto anakosa masomo juu hasinzii usiku.

Na kwenu wafadhili: mukituuliza tumetibu wagonjwa wangapi, mutuulize pia ni nyumba ngapi zimemaliza, na ngapi zimerudi. Hesabu hiyo ndiyo itawaambia kama musaada wenu umefanya kazi.

Wanachama, kura ni yenu. Mimi kesho niko kituoni na kitabu changu. Mukuje wote wa nyumba, siyo mumoja.