Balbu Iliyo Katikati



Wazee wetu wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji wanazikumbuka redio za valvu. Utangazaji ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, redio ilikuwa sanduku zito, na ndani yake mlikuwa na chupa ndogo za kioo zilizowaka kwa mwanga hafifu. Mtu aliwasha, kisha akangoja kama nusu dakika chupa zipate joto ndipo sauti itoke. Kusikokuwa na umeme zilitumika beteri kavu za volti 90, nazo zilikuwa ghali.

Tuseme leo redio ya namna hiyo, ya kutumia umeme, imetolewa darini huko Mbwera, ikavushwa kwa mashua hadi Nyamisati, ikaletwa kwa fundi mjini Kibiti. Imekaa kimya miaka 30. Mwenye mali ana haraka: “Ichomeke tuisikie!” Fundi mwenye busara hakubali. Anajua kwamba valvu, ambazo kila mtu huzishuku kwanza, mara nyingi ni nzima. Zilizoharibika ni kapasita: zile za karatasi zimenyonya unyevu, na hewa ya delta ina unyevu na chumvi tele; zile kubwa zimekauka ndani. Ukiipa redio hiyo volti 230 kwa ghafula, waweza kuiunguza transfoma, na transfoma ya siku zile huipati dukani.

Basi hufanya nini? Huunga balbu ya kawaida, ile ya nyuzi inayotoa joto, katika waya mmoja uendao kwenye redio, ili umeme upitie kwanza kwenye balbu. Ndani mkiwa na hitilafu kubwa, balbu huwaka kwa nguvu, redio ikasalimika. Mkiwa salama, balbu humulika kidogo, halafu hufifia. Balbu haitengenezi kitu. Inapokea ukali tu. Kubadilisha kapasita ni kazi ya mkono wa fundi, tena baada ya kuuondoa umeme uliobaki, maana kapasita huweza kuutunza hata waya ukiwa umechomolewa. Fundi asiyelijua hilo huhatarisha maisha yake.

Ndugu zangu, ninawafikiria watoto wa tumbo moja wasiosemezana. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Maji yakishapungua, nani ajuaye mpaka wa shamba la mpunga ulipita wapi? Kaka na mdogo wake wakiacha kuamkiana, sisi huwaambia: “Sameheaneni leo hii, mbele ya watu!” Twachomeka waya ukutani. Bwana alitutaka tuiache sadaka altareni, tukapatane kwanza na ndugu. Hakututaka tumtwishe huyo ndugu maneno ya miaka yote kwa siku moja.

Atafutwe mtu wa katikati: mjomba, shangazi, mzee wa jumuiya, Mkristo au Mwislamu, maana koo zetu huku zimechanganyika. Aende kwa mkubwa, ausikie ukali wote, asiupeleke kwa mdogo. Aende na kwa mdogo vivyo hivyo. Asiulize nani alianza. Aulize habari za watoto na za mbegu. Wiki ijayo arudi tena. Makatekista wa vigango vya delta, ninyi mnaozifikia nyumba hizo kwa mtumbwi, kazi hii nawaombeni muianze kabla ya mavuno. Siku ndugu hao watakapokaa mkeka mmoja, mpaka uzungumzwe, na yule wa katikati akae kando.