Darasa la Mwanafunzi Mmoja

 

Leo tuweke kando daftari zetu kidogo. Juzi mzazi mmoja alinijia ofisini na swali ambalo nadhani si lake peke yake. Binti yake yumo shule ya sekondari. Wenziwe wote wameacha hisabati za juu, amebaki yeye na mwalimu wake. “Bwana Elimu,” akasema, “mtoto anafundishwa peke yake jambo ambalo kwetu hapana wa kumwajiri kwalo. Je, nimtoe akajifunze ushoni?” Sikumcheka. Jasho linalolipa gharama ni lake.

Nilimpa habari za Bibi Katherine Johnson wa Marekani, nanyi nawapa.

Alizaliwa mwaka 1918 katika jimbo la West Virginia. Mahali walipokaa, mtoto mweusi hakuwa na shule baada ya darasa la nane, basi baba yake akawapeleka watoto mji mwingine wapate kusoma. Chuoni alimkuta Dr. Claytor, mwalimu mweusi mwenye shahada ya udaktari wa hisabati. Mwalimu huyo alipoona kwamba msichana amekwisha maliza masomo yote ya hisabati yaliyokuwapo, akatunga jipya: jiometri ya anga. Mwanafunzi akawa yeye mmoja tu.

Neno “anga” lisiwadanganye. Halikuwa somo la kurusha vyombo mbinguni; siku zile hapana aliyekwisha fanya hivyo. Tunapochora ubaoni twapata urefu na upana. Lakini jiwe ukilirusha, laenda mbele, laenda kando, na tena lapanda na kushuka. Kuiandika njia ya jiwe hilo kwa hesabu, ndiyo kazi ya jiometri ile.

Msichana alipouliza atapata wapi kazi ya mtaalamu wa hisabati, mwalimu alimjibu kwamba hilo ni shauri lake mwenyewe. Mzazi wangu alitikisa kichwa kusikia hayo. Hata mimi naliona jibu kali. Lakini mwalimu hakumdanganya, na somo hakumnyima.

Alihitimu mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 18, akawa mwalimu wa shule, akaolewa, akalea watoto. Jiometri ile ilikaa kama jembe darini kwa miaka 16. Mwaka 1953 akapata kazi Langley, jimbo la Virginia, penye utafiti wa ndege, ambako wanawake weusi wenye kupiga hesabu walitengewa chumba chao. Wakubwa walipoanza kufikiria safari za nje ya dunia, walihitaji mtu aijuaye njia ya jiwe lile. Alikuwapo.

Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Hesabu za njia yake zilikuwa zimepigwa na kompyuta, lakini kabla ya kuondoka aliomba Bibi Johnson azikague kwa mkono. Kosa dogo lingeweza kumtupa mbali na meli zilizomngoja baharini. Bibi akazikagua, zikawa sawa. Tena chombo kilipopita pande zetu, Glenn alisema kwa redio na kituo kilichokuwa Unguja, huko Tunguu. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, na wazee wa huko wapo wanaokikumbuka.

Sikumwahidi mzazi yule kwamba binti yake atapata bahati hiyo. Wengi husoma jiometri wasiitwe popote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Muhula umebakiza juma ngapi?” Nikamwambia sita. Akasema atalipa hizo sita, halafu tuonane.

Sasa kazi yenu ya nyumbani. Chukueni chungwa, mpinde waya uwe pete kubwa kulizunguka bila kuligusa, ulale mshazari. Tieni alama ya wino kwenye ganda, chini ya waya. Mmoja ashike waya usitikisike, mwingine aligeuze chungwa polepole. Tazameni alama inakokwenda, ingawa waya haukusogea. Mkiisha, andikeni kwa maneno yenu kwa nini Glenn hakupita mahali pale pale mara tatu. Tutasahihisha pamoja juma lijalo, saa hizi hizi. Kwaherini.